Jipe ya umeme: mwenye kuinunua akilia anasikiwa, mwenye kuchimba je?

Vijana wenzetu,

Kila siku tunaziona mu telefoni zetu. Jipe nyeupe ya umeme imesimama mbele ya taa ya barabara, pembeni yake gari ya michezo yenye kunguruma. Taa inageuka kijani, jipe inaondoka kimya, ile ingine inabaki nyuma na kelele yake. Chini ya video vijana wa Goma, Bukavu, Bunia, Lubumbashi na Kinshasa wanaandika: «Hii njo gari yangu ya kesho.» Wengine wanaongeza: «Na kobalti yetu iko ndani.»

Kuota si kosa, na kobalti iko ndani kweli. Lakini video inadumu sekunde kumi na tano, gari inadumu miaka. Leo tunataka kuongea juu ya hiyo miaka: asubuhi ya baridi, usiku wa kutafuta mahali pa kuchaji, tairi lenye kupasuka, faktire ya garaje. Tuko na sababu mbili. Ya kwanza: magari hayo yatafika kwetu, kwa bei ya okazi, na vijana wenye kuwa na feza kidogo ndio watajaribiwa kuyanunua. Ya pili: namna wenye magari hayo wanavyolalamika kule, na namna wanavyosikiwa, inatufundisha kitu juu ya haki yetu sisi.

Karatasi na barabara

Tuchukue mfano moja ili tusiongee hewani: Tesla Model Y Performance. Ni jipe ya familia yenye viti tano. Inapima karibu tani 2, inatoka 0 mpaka kilomita 100 kwa saa mu sekunde zisizofika 4, na inaweza kukimbia mpaka 250. Mwaka 2023, Model Y, ukihesabu aina zake zote, ilikuwa gari yenye kuuzwa zaidi duniani. Kwa hiyo hatuongelei gari ya maonyesho. Ni gari ambayo watu wengi wanalala nayo na kuamka nayo, na shida zake zinajulikana.

Shida ya kwanza ni kilomita. Karatasi inasema gari inatembea zaidi ya kilomita 450 kwa batri moja iliyojaa. Hizo kilomita zinapimwa mu majaribio, kwa mwendo wa kipimo. Ukiingia mu barabara kubwa na kushika 120 au 130, upepo unasukuma gari na batri inaisha mbio. Ukikanyaga kama kwa video, inaisha mbio zaidi. Tena mwenye gari hajazi batri mpaka mwisho kila siku: kwa batri ya aina hiyo anashauriwa kusimama karibu na asilimia 80 ili isichoke mapema. Na hakuna mutu mwenye akili anaacha ishuke mpaka 0 katikati ya pori. Piga hesabu: kutoka 80 mpaka 10 ni asilimia 70, na asilimia 70 ya kilomita 450 ni 315. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilomita 300. Utafika, lakini macho yatakuwa ku kioo cha batri kushinda kuwa ku barabara.

Kisha kuna baridi. Mu gari ya esansi, joto linatoka ku moteri bure. Mu gari ya umeme, joto la kupasha viti na hewa linatoka mu batri ileile yenye kuzungusha magurudumu. Mu Januari 2024, ku muji wa Chicago, baridi kali ilishuka na magari ya umeme yakapanga musururu ku vituo vya kuchaji. Batri yenye kuganda inapokea umeme polepole, kwa hiyo kila gari ilikalia kituo muda murefu, na wenye kungoja waliona kilomita zao zinaisha wakiwa wamesimama tu. Magari mengine yalizimika palepale yakabebwa na depanaje.

Korea ya Kusini ilikuwa imeona jambo hilo mwaka moja mbele. Mu Januari 2023, ofisi yao yenye kulinda biashara ya haki ilipiga Tesla malipizi ya won bilioni 2.85, kwa sababu haikuambia wanunuzi wazi kwamba mu baridi kilomita zinaweza kupungua, mu hali mbaya zaidi mpaka karibu nusu. Tafazali kumbukeni malipizi hayo. Tutarudilia.

Saa ya kuchaji

Ku stasioni ya esansi, au kwa Kadhafi ku kona, shofere anajaza na kuondoka mu minuti tano. Jipe ya umeme, hata ku kituo chenye nguvu sana, inaomba karibu nusu saa ili itoke asilimia 10 mpaka 80. Asilimia za mwisho zinaingia polepole zaidi, kama vile mutu anajaza bidoni mpaka ku mudomo bila kumwanga. Ukikuta magari matatu mbele yako, siku yako imebadilika.

Njo maana wenye kuzifurahia magari hayo karibu wote wako na kitu kimoja: parseli yao wenyewe, na kifaa cha kuchaji ku ukuta. Wanachaji usiku, asubuhi gari iko tayari. Lakini mutu mwenye kupangisha mu etaje ya sita, bila parkingi yake, anapashwa kuchaji inje, na inje bei iko juu. Angalia Uingereza: umeme wa nyumbani unalipa kodi ya VAT ya asilimia 5, umeme wa kituo cha barabarani unalipa asilimia 20. Gari ni ileile na umeme ni uleule. Mwenye nyumba analipa kidogo, mwenye kupangisha analipa mingi. Tunajua hiyo hadithi. Kwetu pia, mwenye robine mu parseli analipa maji kidogo, na mwenye kununua bidoni ku barabara analipa bei ya juu.

Na ukitaka kuchaji kwa prize ya kawaida ya nyumba? Prize hiyo inatoa karibu kilowati 2.3. Batri ya gari hii inabeba karibu kilowati-saa 75. Gawanya: ni zaidi ya masaa 30, bila umeme kukatika hata mara moja. Sisi wenye kuishi na delestaje, tunacheka. Saa 30 za umeme mufululizo! Mu kartie nyingi ingekuwa ni wiki ya kungoja.

Tuiangalie hesabu hiyo kwa upande mwingine. Chukua ampule ya wati 10, ile ambayo mutoto anasomea usiku. Iwashe masaa tano kila usiku. Kilowati-saa 75 zinaiwasha usiku 1,500, ni kusema zaidi ya miaka minne. Batri moja ya jipe moja, ikijazwa mara moja tu, ni miaka minne ya masomo ya mutoto moja. Mu inchi ambamo karibu mutu moja tu kwa watano anafikiwa na umeme, hesabu hiyo inapashwa kutukaa mu kichwa.

Tairi, mashimo na garaje

Nguvu yenye kupendeza mu video inalipwa na matairi. Gari ya tani 2 yenye kuondoka kama risasi inasugua kaucu kushinda gari ya kawaida. Model Y Performance iliyotoka mwaka 2020 ilivaa magurudumu makubwa ya inchi 21 na matairi membamba ya kando, yale ambayo kati ya chuma na shimo la barabara kuna kaucu kidogo tu. Nyuma matairi ni mapana kushinda mbele, kwa hiyo hauwezi kuyabadilisha nafasi ili yachakae sawasawa. Imeshushwa karibu na udongo, na wengi wenye kuiendesha wanasema inatikisa mugongo hata ku lami nzuri.

Na gurudumu ya sekuru? Hakuna. Tairi likipasuka, unaita depanaje. Kule depanaje inakuja. Sasa fikiri kipande cha barabara kati ya Bukavu na Uvira, mu mvua, saa mbili za usiku, bila gurudumu ya sekuru.

Garaje nayo ni shida yake. Gari ya esansi ikipigwa kidogo, fundi anainyoosha. Hii ya umeme iko na batri chini ya sakafu nzima, na ikiguswa vibaya, mara nyingi asiransi inaona ni bei rahisi kuitupa gari nzima kushinda kuitengeneza. Njo maana asiransi yenyewe inakuwa kali. Kampuni kubwa ya kukodisha magari, Hertz, ilitangaza mu Oktoba 2021 kwamba inaagiza Tesla 100,000. Mu Januari 2024 ikatangaza kwamba inauzisha magari ya umeme karibu 20,000 yaliyokuwa Marekani, na kati ya sababu ilizotoa kulikuwa bei ya kuyatengeneza yakipigwa. Kama kampuni yenye wanasheria, mafundi na makontabule ilishindwa na faktire hizo, kijana mwenye kuweka akiba miaka kumi atasema nini?

Mulango, telefoni na kioo

Mu gari hii ufunguo ni telefoni. Sanduku la mbele la kuwekea karatasi linafunguliwa ku kioo. Vitu vingi vya mukono vimehamia ku kioo kimoja kikubwa, na dereva anapashwa kutosha macho ku barabara ili avifikie. Mu Novemba 2021, programu ya Tesla ya telefoni ilizimika masaa fulani, na wenye magari mu inchi mbalimbali wakajikuta wamesimama mbele ya gari yao wenyewe bila kuweza kuifungua kwa telefoni. Aliyekuwa na karte yake mufukoni aliingia. Aliyeiacha nyumbani alingoja.

Kuna lililo kubwa kushinda hilo. Mikono ya milango inatumika kwa umeme wa batri ndogo, ile ya volti 12. Batri ndogo ikichoka, mulango wa inje unakataa. Mu Septemba 2025, ofisi ya Marekani yenye kuchunguza usalama wa magari, NHTSA, ilifungua uchunguzi juu ya Model Y za mwaka 2021, karibu magari 174,000. Wazazi walikuwa wameeleza kwamba walitoka, wakafunga mulango, na hawakuweza tena kuufungua wakati mutoto alikuwa amebaki ndani. Wengine walivunja kioo. Hiyo si shida ya starehe tena, ni maisha ya mutoto.

Bei yenye kuanguka

Tumalizie orodha na feza. Mu Januari 2023 Model Y Performance ilikuwa inauzwa Marekani dola 69,990. Asubuhi moja bei ikashuka mpaka 56,990. Aliyenunua wiki moja mbele alipoteza dola 13,000 bila hata kugonga mutu wala mti. Mu China, ambako bei ilishushwa siku chache mbele, wanunuzi walienda kusimama mbele ya maduka ya kampuni kudai haki yao. Kisha bei ya okazi nayo ikafuata kushuka, sababu hakuna mutu anataka kulipa gari ya zamani karibu sawa na mupya.

Na hapa njo mahali jambo linatugusa moja kwa moja. Gari yenye kuanguka bei Ulaya na Marekani haitupwi. Inasafiri. Tunajua njia ya okazi: bandari, Dar es Salaam au Mombasa, kisha mupaka wetu. Siku moja kijana wa muji atakuta jipe ya umeme kwa bei ya Toyota ya zamani, na ataona ni bahati. Ajiulize mbele ya kutosha feza: batri yake imebaki na nguvu kiasi gani? Garanti ya batri ya Model Y Performance ni miaka 8 au kilomita 192,000, na garanti hiyo inaishi mahali ambapo kampuni iko na garaje yake. Hapa Kongo haiko nayo. Batri ikikufa, umebaki na kiti kizuri cha kukalia mu parseli.

Hatusemi umeme ni mubaya

Tusieleweke vibaya. Hatutetei mazutu wala moshi. Gari ya umeme haitoi moshi ku barabara, haiombi vidange, na kilomita moja ya umeme wa nyumbani kwa kawaida ni bei ndogo kushinda kilomita ya esansi. Mu Norwei, mwaka 2024, karibu gari 89 kwa kila 100 mupya zilizouzwa zilikuwa za umeme tu, na huko baridi si ya kuchekesha. Imewezekanaje? Umeme wao karibu wote unatoka ku maji, unafika mu kila nyumba, na haukatiki. Walitengeneza kwanza umeme, kisha magari yakafuata.

Sisi tuko na maji kushinda wao. Inga 1 ilianza mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982. Wazazi wetu walikuwa vijana. Sasa sisi ndio vijana, na bado tunanunua mishumaa na kuchaji telefoni kwa jirani mwenye paneli.

Kwa hiyo shida hizo zote tulizotaja, kilomita, kuchaji, tairi, garaje, bei, ni shida za gari yenye kutengenezwa iwe kubwa, nzito na yenye mbio kushinda mahitaji ya mutu. Na uzito huo uko na bei ingine ambayo haiandikwi ku faktire. Tesla yenyewe ilisema kwamba karibu nusu ya magari iliyotengeneza mu miezi mitatu ya kwanza ya 2022 yalikuwa na batri za chuma na fosfati, bila nikeli wala kobalti. Ni zile za mwendo wa kawaida. Batri za nikeli na kobalti zinawekwa mu magari ya kwenda mbali na ya kukimbia sana, kama hii Performance. Kwa maneno mengine, kobalti ya Lualaba inaenda zaidi mu ile sekunde ya kuonyesha mbele ya taa ya barabara.

Nani anasikiwa

Turudi sasa ku malipizi ya Seoul. Mutu mwenye jipe alilalamika kwamba kilomita zinapungua mu baridi: ofisi ya serikali ilipiga kampuni malipizi. Mzazi alilalamika kwamba mulango haufunguki: ofisi ya serikali ilifungua uchunguzi. Wakaaji wa Paris walichoka na jipe kubwa zenye kujaza barabara zao: tarehe 4 Februari 2024 waliitwa kupiga kura, na waliokuja wengi walisema ndiyo. Tangu 1 Oktoba 2024, mugeni mwenye kuleta jipe nzito katikati ya muji analipa euro 18 kwa saa moja ya parkingi, na jipe ya umeme yenye kupita tani 2 nayo imo. Hiyo ni kazi ya wananchi. Hakuna aliyewaambia: nyamazeni, gari ni ya kisasa.

Na yule mwenye kuchimba?

Mu Desemba 2019 familia za Kongo zilipeleka mashitaka ku tribinali ya Washington. Zilisema watoto wao walikufa au waliumia mu mashimo ya kobalti. Kampuni tano zilitajwa: Apple, Alphabet yenye Google, Dell, Microsoft na Tesla. Mwaka 2021 tribinali ikafuta kesi. Mu Machi 2024 tribinali ya rufaa ikathibitisha, ikisema kununua kobalti mu mnyororo murefu wa biashara si kushirikiana na wenye kuwatumikisha watoto. Kisheria, mambo yamekwisha pale.

Mutu moja alipoteza kilomita, mwingine alipoteza mutoto. Wa kwanza alipata ofisi ya kusikiliza, wa pili aliambiwa kwamba mnyororo ni murefu. Hatuwaonei wivu wanunuzi; wana haki ya kudai gari yenye kufunguka na karatasi yenye kusema kweli. Tunataka haki ileile ifike mpaka ku shimo. Na haitaanzia Washington. Inapashwa kuanzia hapa kwetu, ku tribinali zetu, ku ofisi zetu za madini, ku bunge letu.

Serikali imeonyesha kwamba ikitaka inaweza kushika kamba. Tarehe 22 Februari 2025 ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Tarehe 16 Oktoba 2025 ikaanza mupango wa mafungu: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na zilezile kwa 2027. Sawa. Kupandisha bei ni hatua. Lakini bei ikipanda, nani anakula hiyo tofauti? Mwanamuke mwenye kuosha mawe Kolwezi ataiona? Shule ya kartie yake itapata umeme?

Tunachodai

1. Feza ya inchi isinunue jipe za umeme kwa bakubwa. Tunawajua. Kesho watatuambia ni juu ya mazingira. Mukubwa mwenye kutaka sekunde 4 za mbio azilipe na mushahara wake.

2. Umeme ufike kwanza ku maternite, ku shule, ku pompi za maji na ku mafundi wa kartie. Kituo cha kuchaji jipe kisitangulie ampule ya mutoto.

3. Mafungu ya kobalti yatangazwe wazi: kampuni gani imepata tani ngapi, imelipa kiasi gani, na feza imeingia mu mufuko gani. Itangazwe kwa Kiswahili na mu lugha zetu zingine pia, si kwa Kifaransa tu mu ofisi za Kinshasa.

4. Magari ya umeme ya okazi yapimwe batri mbele ya kuvuka mupaka, na kipimo kiandikwe ku karatasi ya kununua. Okazi ya wengine isigeuke takataka yetu.

5. Kama tunataka kuanza umeme barabarani, tuanze na motari na basi. Kigali na Nairobi tayari kuna pikipiki za umeme ambazo shofere anafika, anatosha batri yenye kuisha, anaweka yenye kujaa, anaendelea na kazi mu minuti chache. Batri ni ndogo, na kazi inabaki kwa wengi. Motari wa muji hahitaji kufika 250 kwa saa. Anahitaji feza ya siku isiishie ku esansi.

6. Wenye kuumia ku mashimo wapate mahali pa kushitaki hapa inchini, karibu na kwao, bila kuombwa feza ya kufungua dosie.

Vijana wenzetu, wewe mwenye kuandika «hii njo gari yangu ya kesho», hatukukatazi. Pengine siku moja utaiendesha. Lakini mbele ya kuuliza inakimbia namna gani, uliza maswali ambayo mwenye nayo anauliza kila asubuhi: umeme unatoka wapi, unakatika mara ngapi, nani atatengeneza, nani atanisikiliza ikikataa? Utakuta ni maswali yaleyale tunayouliza serikali yetu juu ya maji, juu ya barabara, juu ya usalama. Kule wanayauliza juu ya gari, na wanajibiwa.

Wiki hii, kila moja wetu aende ku ofisi ya kartie yake aulize kitu kimoja tu: umeme wetu utafika siku gani, na ni nani amepewa hiyo kazi. Andikeni jibu, tarehe na saa. Tuletee. Tutayakusanya na kuyatangaza hapa, jibu kwa jibu, kartie kwa kartie.

Inchi yenye kuwashia dunia nzima haiwezi kuendelea kulala gizani, na sisi tukapiga makofi mbele ya video.